Vyuo Vyetu Visihamishwe kama Mizigo ya Bandarini

Mkuu wa chuo apokeapo barua ya kumwarifu kwamba chuo chake kimewekwa chini ya wizara nyingine, jambo la kwanza limshughulishalo ni muhuri mpya, kisha ubao wa jina langoni, kisha fomu nyengine za kuombea fedha. Mpango wa miaka mitano alioukalia vikao hutiwa kabatini. Wakati huo huo wanafunzi wa useremala wangali wanagawana randa zile zile walizozikuta. Waliopata kufanya kazi katika vyuo vya wananchi, Bara au Visiwani, wanaijua hali hii, na tunaitaja leo kwa sababu Serikali imekwisha kuonyesha nia ya kweli ya kukuza mafunzo ya amali, na nia njema yafaa isipotezwe njiani.

Tuanze na mfano wa jirani. Mwaka 1975 Tanzania Bara ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa msaada wa Sweden na kwa kuiga skuli za wananchi za nchi hiyo ambazo Mwalimu Nyerere alizipenda. Kijiji kilimchagua mtu wake, mara nyingi mtu mzima aliyemaliza elimu ya msingi, akaenda kujifunza uashi, ushoni, kilimo au uongozi wa kijiji, kisha akarejea kwao. Cheti hakikuwa shabaha. Vyuo vilizidi hamsini, na Wizara ya Elimu ndiyo iliyokuwa mlezi wake. Mwaka 1990 vilihamishiwa wizara ya maendeleo ya jamii. Msaada wa nje ulipopungua katika miaka ile ya tisini, mapaa yalianza kuvuja na karakana zikazeeka. Mwaka 2012 baadhi ya vyuo hivyo viliingizwa katika mafunzo ya ufundi stadi yenye mitihani na vyeti, jambo ambalo lilikuwa mbali na shabaha ya awali. Mwaka 2017 vikarejeshwa Wizara ya Elimu. Kwa hiyo mwalimu aliyeajiriwa kijana katika miaka ya themanini amestaafu akiwa ametumikia wizara mbili na falsafa mbili, pengine bila ya kuondoka katika nyumba ile ile ya chuo.

Hatusemi kwamba kila badiliko lilikuwa kosa. Kijana wa leo akitaka kazi hotelini au kwenye ujenzi huulizwa cheti, na chuo kisichotoa cheti kingemrudisha nyumbani mikono mitupu. Tunachokilalamikia ni kwamba badiliko lilishuka kutoka juu, na wakuu wa vyuo, ambao ndio wenye kujua ni nani anayekuja kujiandikisha na kwa nini wengine wanaacha katikati, walitakiwa kutekeleza tu.

Hapa kwetu mabadiliko hayakuwa machache. Sheria ya Chuo Kikuu cha Taifa ilipitishwa mwaka 1999, na masomo yakaanza mwaka 2001. Mwaka 2006 ikaja Sera ya Elimu ya Zanzibar, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, yenye vituo Mwanakwerekwe na Mkokotoni kwa upande wa Unguja na Vitongoji kwa upande wa Pemba. Baadaye vikaongezwa Makunduchi na Daya. Mwaka 2016 vyuo vilivyokuwa vikijitegemea, kikiwemo cha fedha cha Chwaka, cha utalii cha Maruhubi, cha habari na cha afya cha Mbweni, viliunganishwa na Chuo Kikuu. (Neno lenyewe “amali” limesafiri vizuri kuliko vyuo: Bara, walikozoea kusema ufundi stadi, sasa wanalitumia kwa mkondo mzima wa skuli za sekondari.)

Kuunganisha vyuo kuna faida. Maktaba huwa moja, walimu hupata njia ya kupanda vyeo, na shahada ya mwanafunzi hutambulika mbali. Lakini chuo kidogo kikishakuwa skuli ndani ya chuo kikuu, mvuto wa shahada huwa mkubwa, na kozi fupi za miezi mitatu au sita huanza kuonekana kama wageni waliokaa mno. Na ni kozi hizo ambazo mpishi wa Nungwi au mtembeza wageni wa Jambiani anaweza kuzihudhuria bila ya kuacha kazi yake.

Tangu mwaka 2020 sera kuu ya Visiwani ni uchumi wa buluu, na wizara yake ipo. Basi tumwangalie mkulima wa mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara mwaka 1989, na walio wengi katika kazi hiyo ni wanawake. Mwani wenye bei nzuri, aina ya cottonii, umekuwa ukifa katika maji ya kina kifupi kwa sababu ya joto. Kuupanda kwenye kina kirefu kunataka chombo, kamba za namna nyengine, na mwanamke ajue kuogelea. Hayo ni masomo ya chuo cha wananchi hasa: kuogelea, kutengeneza boti ya fibre, kukausha na kusaga mwani, kuweka hesabu za kikundi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji shahada. Linahitaji mkuu wa chuo mwenye idhini ya kuanzisha kozi mwezi huu bila ya kungoja bajeti ya mwaka ujao, tena aifundishe kule kule Paje au Micheweni, maji yanapokupwa.

Kwa hiyo tunawaomba wakubwa wetu katika wizara zinazohusika wapange kwanza mambo matatu ambayo hayana gharama kubwa. Bodi ya kila chuo iwe na masheha, wakulima wa mwani, wavuvi na wenye hoteli wa sehemu ile, na bodi hiyo iendelee hata wizara ikibadilika. Mkuu wa chuo asihamishwe kabla ya mpango aliouandika kufika mwisho, ila kwa kosa. Na kila chuo kiweke daftari la wahitimu wake, lenye kuonyesha aliko kila mmoja baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka mitatu, ili Baraza la Wawakilishi likijadili kuhamisha chuo liwe na kitu mbele yake cha kusoma.

Wenzetu wa Pemba wana haki ya kuuliza swali la ziada. Kijana wa Konde anayetaka fani isiyofundishwa Vitongoji wala Daya hulazimika kupanda meli, kupanga chumba mjini na kula kwa mwaka mzima. Fani zipi zitafundishwa Pemba katika mpango ujao, na kuanzia lini? Tutaichapa orodha hiyo katika safu hii siku tutakapoletewa.