Tazama pa Kutokea Kabla Hujaingia

Juzi baada ya alasiri nilikuwa nimeketi barazani na kikombe changu cha kahawa, mara akaja mwana wa dada yangu na karatasi mkononi. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, akaketi.

Kijana huyu ni mtu wa kompyuta. Miaka sita sasa ameajiriwa kutengeneza programu za kuhesabu mizigo ya bandarini. Ataka kupanda ngazi, asiwe mwenye kuandika programu tu, bali awe mwenye kuamua ni programu gani itengenezwe, kwa ajili ya nani na kwa bei gani. Kwa hayo, aona yampasa kwenda kusoma shahada ya pili ya biashara, ile iitwayo MBA.

"Mjomba," akaniambia, "nimeandika vyuo kumi na viwili. Mama yu radhi kuuza shamba la minazi, lakini asema hauzi mpaka wewe utoe neno."

Msomaji wangu, kahawa ilinishinda. Shamba lile ni fungu la dada yangu katika urathi wa marehemu baba yetu, na ndilo lililomlea kijana huyu tangu alipofiwa na babake. Nikaitwaa karatasi. Juu kabisa ilikuwa Stanford, kisha Harvard, kisha Wharton, hivyo hivyo mpaka chini. Nikamuuliza amevipangaje. Akajibu, "Kama magazeti yalivyovipanga kwa daraja."

Nisifiche, nami nilifurahi. Nilijiona tayari nikitamba mbele ya wazee wenzangu: mwana wa dada yangu yuko Harvard! Lakini usiku nilipolala nikajihisabu. Kutamba kungekuwa kwangu, deni lingekuwa lake, na shamba ni la mamake.

Mimi nilisoma chuoni kabla sijaijua skuli. Mzazi wa zamani hakuuliza chuo kimeezekwa kwa nini. Aliuliza nani asomesha, na waliotoka kwake wana nini vichwani. Watu walipanda majahazi kwenda Lamu, kwenye Msikiti wa Riyadha alioasisi Habib Swaleh mwishoni mwa karne ya 19, kwa kuwa walijua watarudi na nini. Kesho yake nikamwita kijana, nikamwambia: "Ipindue karatasi. Nyuma yake andika kwanza kazi, kisha mji, kisha mali. Jina la chuo lije mwisho."

Tukaanza na kazi. Nilimtajia wakuu watatu wa makampuni ambayo yeye mwenyewe huyahusudu. Satya Nadella, aliyeshika uongozi wa Microsoft mwaka 2014, alisoma MBA Chicago, akaimaliza mwaka 1997 huku akiwa bado kazini. Sundar Pichai, aliyekabidhiwa Google mwaka 2015, alipitia Wharton. Tim Cook, aliyemrithi Steve Jobs pale Apple mwaka 2011, alisoma Duke. Vyuo vitatu mbalimbali, na wote watatu walikuwa wahandisi kabla ya kuwa watu wa biashara. Chuo kiliwaongezea, hakikuwaumba.

Basi atajuaje chuo gani kitamwongezea? Vyuo vingi vikubwa hutoa ripoti ya ajira kila mwaka. Humo huonyeshwa waliohitimu wameingia kazi gani, wameajiriwa na nani, kwa mshahara gani, na wangapi walipata kazi ndani ya miezi mitatu. Hiyo ndiyo ijaza ya chuo. Na aisome ya miaka kadhaa, si ya mwaka mmoja, kwani soko hugeuka kama kusi na kaskazi. Januari 2023 Google peke yake ilitangaza kuwapunguza watu 12,000. Aliyeingia chuoni miaka miwili kabla hakuyaota hayo.

Tukaja kwenye mji. Chuo cha Foster cha Seattle hakisifiwi barazani kwetu, lakini Amazon wamo mji uo huo, na Microsoft wako jirani, Redmond. Ukaribu huo si jambo dogo, kwa sababu abadilishaye kazi huhitaji miezi michache ya kazi ya majaribio akiwa bado mwanafunzi, na humo ndimo wengi huajiriwa. Tazama na INSEAD ya Ufaransa. Masomo yake ni ya miezi kumi tu, na hilo hupunguza gharama. Lakini aanzaye Januari hupata likizo ya kufanya kazi hiyo, na aanzaye Agosti haipati. Chuo ni kimoja, milango ni miwili.

Mwisho, mali. Harvard hutoza ada ya zaidi ya dola 70,000 kwa mwaka, na miaka ni miwili. Hapo hujala wala hujalala. Shamba letu na minazi yake yote lisingefika nusu. Wapo wakopeshaji wa ng'ambo wanaomkopesha mwanafunzi mgeni bila mdhamini, lakini kwa riba, na hukumu ya riba hatuna haja ya kufundishana. Tena kuna kibali. Kwa kanuni za Marekani zilizokuwapo mwaka 2025, aliyehitimu huruhusiwa kufanya kazi miezi 12, na kuongezewa 24 ikiwa shahada yake imeandikishwa katika fungu la sayansi na teknolojia. Baada ya hapo ni kura ya viza, na Septemba mwaka huo serikali yao ilitangaza ada ya dola 100,000 kwa baadhi ya maombi mapya. Mwenye kukopa akitumaini mshahara wa Marekani na ayapime hayo.

Tulipomaliza, vyuo tisa vilikuwa vimefutwa. Vikabaki vitatu: Foster, akipata ufadhili; INSEAD, kwa kuanza Januari; na Strathmore ya Nairobi, ambako aweza kusoma huku akifanya kazi kama alivyofanya Nadella. Kijana alinuna kidogo Harvard ilipokatwa mstari. Nami moyoni nilinuna zaidi yake.

Dada yangu nilimpelekea neno alilolingoja: shamba lisiguswe mpaka barua ya chuo na barua ya ufadhili zije pamoja, tuzisome sote watatu. Kijana naye nilimtilia ubeti huu nyuma ya karatasi yake:

Enda mwanangu kasome, elimu haina mwisho,
Ila kwanza ukapime, mkoba na marejesho,
Jina lisikusukume, deni likawa kitisho,
Tazama pa kutokea, kabula hujaingia.