Kuzunguka Visiwa vya Shelisheli: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wazee wetu walisema: «Mgeni njoo, mwenyeji apone.» Neno hilo lafaa kukumbukwa na kila mtu anayetaka kutumia akiba yake kwa kwenda kutazama nchi za watu. Wako wengi siku hizi wanaotamani kuona bahari na visiwa vyake, na jina la Shelisheli limo vinywani mwao. Lakini safari ya visiwa haifanani na safari ya barabara. Ukikosea njia barabarani, utarudi nyuma na kuanza tena. Baharini siku iliyopotea imepotea, na fedha zake pia. Basi, msomaji mpenzi, tutazame pamoja jinsi ya kuipanga safari hiyo kwa akili, ili mgeni apate faida, naye mwenyeji asipate hasara.

Chagua vichache

Visiwa vya Shelisheli vimetawanyika katika Bahari ya Hindi, zaidi ya kilometa 1,700 mashariki ya Mombasa. Hesabu yake yapita 100, lakini nchi kavu yote kwa jumla ni kiasi cha kilometa za mraba 455 tu. Visiwa vikubwa vya katikati ni vilele vya mwamba mgumu wa zamani sana. Vile vya mbali vimejengwa kwa matumbawe, tena ni vya chini na tambarare.

Msafiri mwenye pupa hutaka kuviona vyote. Haiwezekani. Kisiwa cha Aldabra, kwa mfano, kina kobe wakubwa zaidi ya 100,000, nacho kinasifiwa duniani kote. Lakini kiko mbali na mji mkuu kilometa zaidi ya 1,000, wala hakuna chombo cha abiria kiendacho huko kila juma. Mtu wa kipato cha kawaida na aridhike na visiwa vitatu: Mahé, Praslin na La Digue. Hivyo vitatu vyamtosha kwa siku kumi, naye atarudi nyumbani akiwa amevijua kweli.

Uliza upepo kwanza

Watu wa pwani yetu ya Afrika wanazijua pepo mbili, kusi na kaskazi, nazo ndizo zinazotawala huko pia. Toka Mei hata Septemba kusi huvuma kwa nguvu. Hewa ni kavu kidogo na ya baridi, lakini bahari huchafuka. Toka Desemba hata Machi ni zamu ya kaskazi, pamoja na joto na mvua nyingi, hasa Desemba na Januari. Kati ya pepo hizo mbili, yaani Aprili na Novemba, maji hutulia.

Mambo hayo si ya mabaharia peke yao. Pwani ya Beau Vallon, kaskazini ya Mahé, ni shwari wakati wa kusi, lakini kaskazi huipiga mawimbi. Kinyume chake, Grand Anse ya La Digue huwa ya hatari wakati wa kusi, kwa sababu mkondo wa maji huweza kumvuta mwogeleaji mpaka kilindini. Msafiri asiyeuliza upepo atalipa nauli kubwa ili aketi mbele ya bahari asiyoweza kuiingia.

Utaratibu wa siku

Ndege hutua Mahé. Watu wa Afrika ya Mashariki na ya Kati huwa wanapitia Nairobi au Addis Ababa. Viza haihitajiwi, lakini ruhusa ya kuingia huombwa kabla ya kuondoka. Lazima uonyeshe tikiti ya kurudi, mahali pa kulala, na fedha za kutosha. Atokaye Kongo asisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Fedha ya huko ni rupia.

Kutoka Mahé mpaka Praslin ni kiasi cha kilometa 45, na chombo cha abiria huzipita kwa muda wa saa moja hivi. Kutoka Praslin mpaka La Digue ni dakika kama 15 tu. Shauri lifaalo ni hili: anza na visiwa vya mbali, umalize na Mahé. Kama bahari ikichafuka na chombo kisiondoke, utakuwa umepoteza siku moja ya matembezi, lakini hutaikosa ndege yako. Wanaofanya kinyume cha hayo hulala usiku wa mwisho wakisikiliza mawimbi kwa hofu.

Praslin na nazi yake

Katika bonde liitwalo Vallée de Mai kunaota minazi ambayo haioti yenyewe mahali pengine duniani ila Praslin na kisiwa jirani cha Curieuse. Nazi yake moja huweza kupata uzito wa kilo 20 na zaidi, nayo hukaa mtini miaka sita au saba mpaka kukomaa. Zamani mabaharia waliziokota zikielea majini, wakadhani kwamba zinazaliwa na miti iliyo chini ya bahari. Ndiyo maana zikaitwa nazi za bahari. Asili yake ilijulikana mwaka 1768 tu. Atakaye kununua moja na adai cheti cha serikali pamoja nayo, kwani nazi isiyo na cheti imeibwa msituni.

Karibu na Praslin kiko kisiwa kidogo cha Cousin. Mwaka 1968 shirika la kimataifa la kulinda ndege lilikinunua kisiwa hicho kilichokuwa shamba la minazi. Aina moja ya ndege wadogo ilikuwa imebaki hapo tu, chini ya ndege 30 kwa dunia nzima. Minazi ikapunguzwa, miti ya asili ikarudi, na leo ndege hao wanahesabiwa kwa maelfu, tena wamepelekwa na visiwa vingine. Mgeni aendaye Cousin huhamishwa kutoka chombo chake na kutiwa katika mashua ya kisiwa chenyewe, panya wasije wakashuka pamoja naye. Asinung'unike. Jozi moja ya panya yaweza kuharibu kazi ya miaka hamsini.

La Digue na Mahé

La Digue ni kisiwa cha baiskeli, na mtu mzima aweza kukizunguka kwa siku moja bila kuchoka. Watu wengi wa Shelisheli ni Wakatoliki, na tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, wengi huja La Digue kwa Misa na maandamano. Atakaye kuiona siku hiyo aweke nafasi yake mapema sana.

Mahé ina milima mirefu na mji wa Victoria, lakini Mwafrika anayo huko mambo mengine ya kutazama. Toka mwaka 1861 manowari za Waingereza zilishusha hapo watu zaidi ya 2,000 waliookolewa katika majahazi ya biashara ya watumwa. Hawakurudishwa makwao, wengi waliwekwa kufanya kazi mashambani. Juu ya mlima, katika njia ya Sans Souci, yangali magofu ya shule iliyofunguliwa na wamisionari Waanglikana mwaka 1876 kwa ajili ya watoto wao.

Huko Shelisheli ndiko walikopelekwa pia wafalme wawili waliokamatwa mwaka 1899: Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda, yule aliyewaua Mashahidi wa Uganda. Mwanga alifia huko mwaka 1903, na mifupa yake ilirudishwa kwao mwaka 1910. Wale vijana aliowaua walitangazwa watakatifu mwaka 1964. Atembeaye Mahé akikumbuka hayo ataona zaidi ya mchanga mweupe.

Mgeni mwema

Basi, kabla ya kulipa nauli, jiulize: nitawaachia nini wenyeji? Lala katika nyumba za wageni za watu wa huko, ule samaki wao, usivunje matumbawe, usichukue makombe ya pwani. Wenyeji husema kwamba aliyekula tunda la shelisheli nchini mwao lazima atarudi siku moja. Mgeni aliyekaa vizuri akirudi, atafunguliwa mlango kwa furaha.