Mkasi wa Pearl Fryar na nyuzio za Arua

Mti wa kwanza uliompa Pearl Fryar jina ulikuwa njiani kuelekea jalalani. Ilikuwa miaka ya 1980, kwenye kitalu kimoja mjini Camden, jimbo la South Carolina, Marekani. Fryar aliona pale mti mdogo ambao matawi yake yalikatwa yakawa mipira mipira, akamwuliza mwenye kitalu unafanywaje. Akaonyeshwa kwa dakika chache, kisha akapewa mche dhaifu uliokuwa umeshakataliwa na wanunuzi. Ulikuwa wa jamii moja na mtarakwa wa milima ya Kenya. Akaupeleka nyumbani kwake Bishopville, akaupanda, akaanza kukata.

Hakuwa mtu wa bustani. Alizaliwa mwaka 1939 katika familia ya wakulima wa North Carolina waliolima mashamba ya wengine, na riziki yake aliipata katika kiwanda cha makopo. Akitoka zamu anaingia kwa miti, mara nyingi usiku, taa zikiwa zimewashwa uani. Miaka ikapita, na lililokuwa shamba la mahindi likageuka ekari tatu za maajabu: zaidi ya mimea 300, mingine mizunguko inayopanda kama moshi, mingine masanduku, mmoja unaofanana na mifupa ya samaki aliyekwisha kuliwa.

Kwa nini kisa cha Bishopville kimng'ang'anie msomaji wa Arua, katika eneo la West Nile nchini Uganda? Kwa sababu karibu kila alichoanza nacho Fryar kiko Arua tayari.

Tazama ua wa nyumba ya West Nile. Asubuhi unafagiwa mpaka udongo unabaki mtupu, ili nyoka asipate pa kujificha na mgeni ajue kwamba humu wanaishi watu. Ufagio kama huo ulivuka bahari. Mwaka 1992 Richard Westmacott alichapisha kitabu kuhusu bustani na nyua za Wamarekani weusi wa vijijini kusini mwa Marekani, na humo nyua zilizofagiliwa ni sehemu ya maisha. Halafu kuna uzio wa duranta ya manjano, bogenvilia, mchongoma wenye miiba. Na kuna vijana vibarua wanaozunguka na mikasi na panga, wakilipwa kuunyoosha uzio uwe sawa kama meza. Mkono upo. Jicho lipo. Wanaishia kwenye mstari ulionyooka kwa sababu hakuna aliyewaomba zaidi.

Fryar naye alianza kwa kutaka jambo dogo. Alipokuwa anatafuta nyumba Bishopville, kulisemwa kwamba watu weusi hawatunzi nyua zao. Neno hilo lilimkaa rohoni. Klabu ya wapenda bustani ya mji ilikuwa inatoa tuzo ya ua bora wa mwezi, naye akajiwekea lengo la kuipata, ingawa nyumba yake ilikuwa nje ya mipaka ya mji. Aliipata mwaka 1985, Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata hapo. Wengi wangeweka mkasi chini. Yeye ndipo alipokolea.

Mwenyewe amesimulia mara nyingi, hata katika filamu ya mwaka 2006 iliyomfanya ajulikane duniani, kwamba kutosoma kilimo cha bustani kulimsaidia: hakujua lipi haliwezekani. Kwa hiyo alichukua mwaloni, mti ambao wataalamu hawaufikirii kwa kazi hiyo, akaukata uwe mraba. Matawi yaliyokataa kwenda alipotaka aliyafunga kwenye mabomba ya plastiki, akaondoka, akangoja. Kungoja ndiko kulikokuwa sehemu kubwa ya kazi yake. Umbo aliloliona leo mti ungelitoa baada ya miaka, na yule mche uliokataliwa haukupewa na mtu mwingine hata mwaka mmoja.

Kwa mtu wa Koboko, hukohuko West Nile, ambako Desemba hadi Februari ardhi hukauka, kuna jambo zito zaidi. Fryar hakumwagilia miti yake iliyokwisha kushika, wala hakuitia mbolea au dawa. Alichimba mtaro kuizunguka, akaujaza majani makavu ya misonobari, unyevu ukabaki humo. Huku kwetu nyasi kavu au mabua yanaweza kufanya kazi hiyo, ila yaachwe mbali kidogo na shina, maana mchwa wa West Nile hawahitaji mwaliko wa pili.

Anayetaka kujaribu aanze na duranta mvua za kwanza zikishatulia. Hushika kwa kipande cha tawi, na ikikosewa huchipua tena. Msipresi hausamehe: ukikata hadi kwenye mti mkavu wa ndani, pengo litabaki. Chini pawe papana kuliko juu, ili jua lifike matawi ya chini. Kata kidogo, mara nyingi. Wenye watoto wadogo wakumbuke kwamba matunda ya duranta, yale ya rangi ya dhahabu, yana sumu. Mchongoma huwapa watoto tunda la kuliwa, lakini ukiukata kila mara hutavuna mengi.

Sanaa hii ya kuipa miti maumbo mara nyingi huhesabiwa ya matajiri. Bustani ya Levens Hall huko Uingereza ilianza kupandwa mwaka 1694, na miti yake imedumu kwa sababu kila kizazi kimekuwa na watunza bustani wa kulipwa. Fryar hakuwa na wa kulipa. Alipozeeka miti ilianza kupoteza maumbo, na mwaka 2021 ikabidi taasisi za nje ziingilie: Bustani ya Mimea ya Atlanta na Jumba la Makumbusho la McKissick. Mkasi ukashikwa na Mike Gibson, msanii kijana anayemwona Fryar kuwa mfano wake.

Hapo ndipo maswali ya Arua yanapoanza kuuma. Tangu Julai 2020 Arua ni jiji, na viwanja vinabanwa. Mpangaji atapanda mti wa miaka mitano kwenye ua wa mtu anayeweza kumwondoa mwisho wa mwezi? Na huko kwenye makazi ya wakimbizi ya Imvepi na Rhino Camp, ambako familia zilizokimbia Sudan Kusini ziligawiwa vipande vya ardhi vya kujenga na kulima, kila hatua ya udongo inadaiwa kunde, bamia na mchicha. Je, mtu asiyejua atakaa mpaka lini ana haki ya kupoteza pembe moja kwa ajili ya umbo tu?

Fryar angejibu ndiyo, bila shaka. Alipanda pembeni mwa mji uliomtilia mashaka. Lakini yeye alikuwa na hati ya kiwanja chake. Wale vijana wenye mikasi hawana, na uzio wanaoukata leo ni wa mtu mwingine. Pengine mwenye nyumba mmoja wa Arua angeweza kuwaachia kona moja, awaambie wafanye watakavyo, kisha awalipe kama kawaida.