Kazi ya Tembo Katika Msitu wa Kahuzi



Mara hii tunataka kuzungumza juu ya msitu ambao wengi wetu tunaupita tu kwa gari, tukitazama dirishani: Parke ya Kahuzi-Biega. Toka Bukavu mpaka Tshivanga, pale gardi wanapopokea wageni, ni kama kilomita 30. Ukiuliza mtu, “Mule ndani kuna nini?”, anajibu upesi: “Gorila.” Ni kweli. Lakini msitu huu ulikuwa wa tembo pia, na huko juu milimani tembo hazionekani tena. Ndiyo sababu ya makala hii.

Kwanza tuseme mahali penyewe. Mwaka 1937, wakati wa Wabelgiji, sehemu ya mlima Kahuzi iliwekwa kuwa hifadhi ya nyama na miti. Tarehe 30 Novemba 1970 ikawa parke ya taifa yenye kilomita za mraba 600. Mbelgiji mmoja, Adrien Deschryver, alifanya kazi kubwa kwa jambo hilo. Mwaka 1975 parke iliongezwa hata kufika kilomita za mraba 6000, ikashuka mbali upande wa magharibi. Hivi ina sehemu mbili, ya juu na ya chini, na kati yao kuna mlango mwembamba tu upande wa Nindja, ambao mashamba yanazidi kuuziba.

Ukipanda kutoka metre 2000 unakuta miti mikubwa, kisha karibu na metre 2400 mianzi, na katika mabonde maji yaliyosimama na majani marefu. Kilele cha Kahuzi ni metre 3308, cha Biega 2790. Mna gorila ya Grauer, ambayo inaishi Congo tu, wala si katika inchi nyingine. Mna sokomutu, kima za namna nyingi, mbogo, nguruwe za pori. Wataalamu wamehesabu namna 136 za nyama zinazonyonyesha. Ndege hatuzitaji, zingejaza karatasi zote za mwalimu anayetuchapia.

Sasa tembo. Mwenzetu mmoja alisema katika kalasi: “Tembo iko nyama ya kuharibu tu, inavunja miti na kumaliza muhogo.” Kwa muhogo hatubishi, mama aliyelima miezi mingi na kukuta shamba limelala chini ana haki ya kulia. Lakini ndani ya msitu kuvunja ndiko kazi yenyewe. Tembo ikiangusha mti, jua linashuka hata udongoni, na majani mabichi yanaota pale. Gorila inapenda sana majani hayo. Njia ya tembo inakuwa njia ya wengine wote: mbogo, nguruwe, na hata watu. Tena tembo ya msitu inakula matunda mengi na kutembea mbali, na mbegu zinatoka katika mavi yake kilomita nyingi kutoka mti mama, zimekwisha kupata na mbolea. Kuna matunda yenye mbegu kubwa ambayo ndege au kima hawezi kumeza. Mti wa namna hiyo, tembo ikikosa, nani atapeleka watoto wake mbali?

Na mianzi pia. Mvua ikirudi, machipukizi yanatoka, na zamani tembo na gorila walikuwa wanayafuata wote.

Halafu vita vilikuja. Kutoka 1996, na tena kutoka 1998, bunduki zilijaa msituni, gardi wakanyang'anywa silaha ao wakakimbia. Tembo za sehemu ya juu ziliuawa karibu zote, juu ya pembe na juu ya nyama. Mwaka 1997 parke iliandikwa kati ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda, wachimbaji wengi wakaingia sehemu ya chini, na mtu mwenye njaa kule porini hakuuliza nyama inaitwa nani. Gorila za juu, zilizokuwa 258 mwaka 1990, zilibaki 130 mwaka 2000. Lakini mwaka 2010 zilihesabiwa 181. Mbona gorila zilianza kurudi na tembo hapana?

Tufanye hesabu. Mimba ya tembo ni kama miezi 22. Wataalamu waliofuata tembo za msitu miaka mingi huko Dzanga, Jamhuri ya Afrika ya Kati, waliona kwamba jike linazaa mara ya kwanza likiwa na miaka kama 23, kisha linakaa zaidi ya miaka 5 mbele ya kuzaa tena. Kwa hiyo kundi linahitaji miaka kama 60 ili liwe mara mbili. Chukua tembo 10 leo, bila mtu kuua hata moja: kufika 80 ni miaka 180. Watoto wa wajukuu wetu hawataona mwisho wa hesabu hiyo.

Wakati huo msitu haungoji. Kuna kamba moja, jina lake la kitaalamu ni Sericostachys scandens, inapanda juu ya miti na mianzi na kuifunika hata inanyauka. Wataalamu wengine wanafikiri kwamba sababu moja ya kuenea kwake ni kukosa nyama kubwa za kuikanyaga na kuivunja.

Tusisahau watu. Batwa waliokuwa wakiishi katika msitu huu walitolewa katika miaka ya 1970, wengi bila kupewa shamba la kulima, na ugomvi ule haujakwisha. Mtu aliyefukuzwa ni vigumu kumwambia alinde.

Tunaomba kitu kimoja. Wakati wa likizo, ninyi mnaotoka Kabare, Kalehe na Walungu, ulizeni wazee wenu: tembo zilikuwa zinapita wapi, mwezi gani, zikitoka upande gani? Andikeni majina ya mito na vilima, mutuletee. Tutachora karata ya njia hizo katika namba ijayo.