Kompyuta iliyoongezewa nguvu ikaanza kujizima: tatizo liko wapi?

Katika makala ya teknolojia wiki hii tunatazama jambo lililowasumbua wengi wanaotuandikia, kuanzia Muscat hadi Minneapolis. Kompyuta ya nyumbani iliyokuwa ikifanya kazi bila taabu inaongezewa kifaa kipya ili iende kasi zaidi, na badala yake inaanza kuganda, kujizima, ama kuonyesha ukurasa wa buluu wenye maandishi yasiyoeleweka.

Yamenifika na mimi, hapa London. Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa na kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 8, nayo ikielemewa kila nilipohariri sauti. Nikanunua kadi nyingine ya gigabaiti 8, iliyokwisha kutumika, nikaichomeka mwenyewe. Ilikubaliwa mara moja. Siku ya tatu, nikiwa nahamisha mazungumzo ya marehemu baba kutoka kwenye kanda iliyochakaa, ambayo sikujua ingestahimili kuchezwa mara ngapi, programu ya sauti ikafungika yenyewe. Nikaiwasha upya kompyuta. Ikadumu dakika ishirini.

Kama wengi, kwanza nilishuku virusi. Virusi vimekuwa kama wachawi wa kijijini: kila baya ni lao. Hata hivyo, swali la kwanza kujiuliza ni hili: kitu gani kilibadilika kabla ya tatizo kuanza? Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, gusa bati la kasha lake ili umeme tuli ulio mwilini ukutoke, kisha ondoa kile ulichokiongeza. (Pwani ya Afrika Mashariki unyevu wa hewa huupunguza umeme huo, huku Ulaya wakati wa baridi, juu ya zulia, mtu huweza kuuona ukiruka kutoka kidoleni.) Kompyuta ikitulia, umepata mshukiwa. Bado hujapata hukumu, kwa kuwa kifaa chenyewe chaweza kuwa kizima na kosa likawa kwenye tundu lenye vumbi, au kwenye mipangilio.

Kadi yangu ya zamani ilikuwa ya aina ya DDR4 yenye kasi ya 2400, na ile niliyoinunua 3200. Kwa kawaida kadi mbili za namna hiyo zikikaa pamoja, ubao mkuu wa kompyuta huziendesha zote kwa mwendo wa ile ya polepole. Lakini ndani ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoiamsha mashine, mara nyingi mna kipengele kiitwacho XMP, ambacho huiamuru RAM iende kwa kasi iliyotangazwa kwenye lebo. Mimi nilikiwasha kwa tamaa ya kasi. Kadi ya zamani ikalazimishwa mwendo isiouweza, kama ng'ombe mzee aliyefungwa nira moja na ndama.

Namna ya kuthibitisha ni kupima. Windows ina kipimo chake cha kumbukumbu, na ipo pia programu ya bure ya Memtest86+, inayowashwa kutoka kwenye flashi kabla ya Windows kuanza. Pima kadi moja moja katika tundu lile lile, kisha zote pamoja, na uache kipimo kiende usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuikataa hali hiyo. Kadi zangu kila moja peke yake ilipita. Zilipokaa pamoja makosa yakamiminika. Nilipozima XMP, usiku mzima ukapita bila kosa.

RAM ikionekana nzima, tazama pawa saplai. Dalili zake ni tofauti: mashine hukatika ghafla bila ukurasa wa buluu, hasa inapopewa kazi nzito. Tundu la kadi ya grafiki hutoa wati 75 tu. Kadi kubwa huhitaji waya wa ziada, na waya wa pini nane huongeza wati 150. Pawa saplai ya miaka kumi haikununuliwa kwa mzigo huo. Wanaotuma kompyuta nyumbani kutoka Marekani watazame pia nyuma ya kasha. Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi ndogo ya volti 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115, kisha ikachomekwa Dar es Salaam au Mombasa, huungua papo hapo.

Joto nalo lisisahauliwe. Mkono ulioingia ndani kuweka kadi huenda uliuchomoa waya wa feni. Na kama unafikiria kuibadilisha BIOS kwa toleo jipya, usifanye hivyo wakati mashine inajizima, wala mahali ambapo umeme hukatika ovyo; ikizimika katikati, ubao mkuu waweza usiamke tena.

Jambo nililochelewa kulitambua ni hili. Kila faili unayonakili hupitia kwenye RAM. RAM inayokosea hubadilisha herufi au sauti njiani bila kutoa onyo, na nakala uliyoifanya ili kujiokoa ikatoka na kasoro. Kwa hiyo ondoa kwanza kifaa kinachoshukiwa, ndipo unakili mali yako kwenye diski ya nje, na usifute chochote cha asili. Faili nilizozihifadhi katika siku zile tatu zilikuwa na mikwaruzo ambayo haimo kwenye kanda.

Kanda ya baba niliicheza tena baada ya mashine kutulia. Upande wa kwanza ulitoka mzima. Wa pili ulikatika karibu na mwisho, na sehemu hiyo ninayo katika nakala ya siku ya tatu tu, pamoja na mikwaruzo yake.