Mpige Picha Ndege Akiwa Kwao

Picha nyingi za ndege wanaoruka ninazoonyeshwa zina upungufu mmoja: nyuma ya ndege hakuna kitu ila buluu ya anga. Manyoya yanaonekana, jicho linang'aa, lakini huwezi kujua kama ni Korogwe au Kisumu. Ndege ana kwao, na hapo kwao ndipo panapoeleza anaishi vipi.

Anga hupendwa kwa kuwa ni rahisi. Kamera haina kingine cha kushika. Ndege akipita mbele ya msitu, fokasi humponyoka ikashika majani, naye akabaki ukungu. Tumia fokasi ya kufuata mfululizo, punguza eneo lake libaki dogo katikati, na anza kumfuata ndege angali mbali. Kamera mpya zinazotambua jicho la ndege husaidia sana, ingawa nazo hupotea penye majani mengi.

Kuliko kamera, mimi huhangaikia mahali pa kusimama, na hapo Korogwe imejaliwa. Mji uko mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari, kando ya mto Pangani. Ukipanda Usambara hadi Ambangulu kwenye mashamba ya chai, umepita mita 1,000. Ukingoni mwa mteremko ndege hupita usawa wa macho yako, pengine chini yako, na nyuma yake limetandazwa bonde zima.

Huko ndiko kwa hondohondo wakubwa, weusi wenye kiuno cheupe, na pembe iliyopanda juu ya mdomo. Mabawa yao huvuma, hata ukawasikia kabla ya kuwaona. Mvumo huo ndio ishara yako ya kuinua kamera. Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani, ng'ambo ya bonde la Lwengera, kuanzia 1928, aliwachunguza ndege hawa pamoja na mkewe Winifred. Jike huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo ukabaki ufa mwembamba, na kwa zaidi ya miezi mitatu dume humlisha matunda kupitia ufa huo. Kwa mpiga picha maana yake ni kwamba dume ana njia yake: kutoka kwenye mkuyu wenye matunda hadi kwenye kiota, tena na tena. Ijue njia hiyo, kisha ngoja katikati yake, penye mteremko mzuri nyuma.

Kasi ya shata ni hesabu tu. Ndege anayekwenda mita 10 kwa sekunde, ukimpiga kwa 1/250 ya sekunde, husogea sentimita 4 picha ikiwa bado inachukuliwa. Kwa 1/2000 husogea nusu sentimita. Ncha za mabawa huenda mbio zaidi, kwa hiyo mimi sishuki chini ya 1/2000 labda nikitaka mabawa yaonyeshe mwendo.

Handeni ni habari nyingine. Nchi imetulia, vichaka ni vikavu, na yangeyange hufuata ng'ombe malishoni. Hapo usisimame wima: chuchumaa juu ya kilima kidogo, ng'ambo yako kuwe na miti ya mbali. Kichaka kikiwa mita 5 nyuma ya ndege kitaonekana kama fujo ya vijiti; kikiwa mita 100, kitayeyuka kuwa rangi laini. Yangeyange mweupe mbele ya kichaka cheusi huidanganya kamera ikaongeza mwanga, na mabawa yakapoteza kila unyoya. Punguza mwanga kwa stopu moja. Ndege huinuka akiukabili upepo, basi upepo na jua viwe mgongoni mwako, akuinukie uso kwa uso. Ikifika saa nne asubuhi, funga begi: joto la ardhi hutetemesha hewa, na lenzi ndefu haina dawa ya hilo.

Ombi langu ni moja. Usimrushie ndege jiwe ili aruke, wala usijibanze chini ya kiota cha hondohondo. Dume akiogopa kutua, jike na makinda waliofungiwa ndani hawana mlishaji mwingine. Ukimwona anazunguka na matunda mdomoni bila kutua, ondoka hapo mara moja.