Unatoka Mitundu kwenda Kalenga? Haya ndiyo utakayoyaona kwenye uwanja wa vita wa Mkwawa

Kule Waterloo, Ubelgiji, ambako Napoleon alishindwa mwaka 1815, mgeni wa makumbusho anavaa miwani maalumu, anakaa mbele ya skrini kubwa, na anaona kama vile farasi wa vita wanamjia yeye.

Kalenga, mkoani Iringa, hakuna miwani wala skrini. Jengo lenyewe ni dogo, ukifanya haraka unalimaliza mapema tu. Lakini hapo unaposimama ndipo vita vilipopiganwa, na ukijua cha kutazama, utaingia ndani ya historia hiyo vizuri tu.

Unafikaje?
Ukitokea Mitundu, panda hadi Itigi, kisha Manyoni na Dodoma. Dodoma chukua basi la Iringa linalopita Mtera. Kalenga iko kilomita 15 hivi kutoka Iringa mjini, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Safari ni ndefu, kwa hiyo panga kulala Iringa.

Anza na kisa, usianze na picha
Agosti 17, 1891, Wahehe walivizia kikosi cha Wajerumani pale Lugalo, mashariki ya Iringa. Kamanda wake, Emil von Zelewski, aliuawa pamoja na askari wake zaidi ya 200. Wahehe wakaondoka na mamia ya bunduki.

Wajerumani walirudi wakiwa wamejipanga. Oktoba 30, 1894 waliivunja Kalenga, makao makuu ya Mkwawa yaliyozungushiwa ukuta, kwa mizinga. Mkwawa akatoroka na kupigana vita vya msituni karibu miaka minne.

Toka nje, tazama vilima
Muombe mwongozaji akuoneshe mabaki ya ngome, na upande mizinga ilikotokea. Uliza pia kuhusu Tosamaganga, jina ambalo kwa Kihehe ni kama kusema "tupa mawe". Wenyeji wanalihusisha na mizinga hiyo. Simama hapo, pima kwa macho umbali kutoka kilimani hadi ulipo. Utaelewa kwa nini ukuta haukusaidia.

Fuvu
Ndani kuna mikuki, ngao na bunduki. Ila watu wengi wanakwenda kwa ajili ya fuvu.

Julai 1898, akiwa amezingirwa, Mkwawa alijipiga risasi kule Mlambalasi ili asikamatwe. Kichwa chake kikakatwa, na baadaye fuvu likapelekwa Ujerumani. Kurudishwa kwake kuliandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, lakini miaka ikapita bila kitu. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, ndiye aliyekwenda Bremen na kuchagua fuvu moja kati ya mengi, akilinganisha vipimo na vya ndugu wa Mkwawa. Mwaka 1954 alimkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake.

Mpaka leo wapo wanaohoji kama ndilo lenyewe. Muulize mwongozaji, ni swali la haki. Lakini kumbuka kwamba hicho ni kichwa cha mtu, na mwili ulibaki Mlambalasi. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Na selfi hapo, hapana.

Ukibaki na muda
Iringa mjini kuna makumbusho mengine ndani ya Boma la zamani la Wajerumani. Lugalo nayo ina mnara wa kumbukumbu, njia ya kwenda Morogoro.

Na huku kwetu je?
Ukimbu, nchi inayogusa upande wetu wa Itigi, nayo ilikuwa na mtawala wa vita. Nyungu ya Mawe aliweka makao yake Kiwele, akatawala kwa nguvu ya ruga-ruga wake hadi alipofariki mwaka 1884. Binti yake, Mgalula, ndiye aliyerithi kiti.

Kalenga wana jengo, mwongozaji na kibao barabarani. Habari za Nyungu kwa sehemu kubwa ziko vichwani mwa wazee. Ukirudi safari, kaa na mzee mmoja anayezijua, muombe ruhusa, uwashe kinasa sauti cha simu. Hiyo haihitaji hata bando.